Je, aspirini na homoni zinaongeza kweli atemisinini shambani, au jirani yangu ana bahati tu?

#1 Mteremko_wa_Meru
Wakuu, habari za jioni. Ninalima atemisia (Artemisia annua) kwa mkataba kwenye miteremko ya Mlima Meru. Mnunuzi wetu haangalii uzito peke yake: anachota sampuli ya majani makavu kwenye magunia, anaipeleka maabara, na bei ya kilo inapangwa kwa asilimia ya atemisinini (dawa ya malaria iliyomo kwenye majani hayo) iliyopatikana. Msimu uliopita majani yangu yalisoma asilimia 0.7, ilhali ya jirani yangu, ambaye shamba lake na langu yametenganishwa na mfereji tu, yalisoma asilimia 1.1. Mbegu zilitoka kwenye shehena moja na miche tuliihamisha kitaluni wiki moja. Yeye anadai kwamba siri ni aspirini ya kawaida ya dukani, aliyoiyeyusha na kuipulizia kabla ya kuvuna, na kwamba alielekezwa na kijana wa chuo cha kilimo. Naomba wenye ujuzi wanieleze kama jambo hili lina msingi, na kama lina msingi, mbona bwana shamba wa mnunuzi hajawahi kulitaja?

#2 Tulizo
Nilijua mkulima akitajiwa bei ya mazao huumwa kichwa. Sikujua kwamba zao lenyewe nalo huumwa. Nimevuta kiti, nasubiri wataalamu.

#3 Fiziolojia
Mleta mada, msingi upo, ila ni mrefu kuliko maelezo ya jirani yako. Aspirini ikikaa kwenye maji hugawanyika taratibu na kutoa asidi ya salisiliki, na asidi hiyo mmea huitengeneza wenyewe kama ishara ya kujikinga. Mwaka 1979 Raymond White wa Uingereza alionyesha kwamba majani ya tumbaku yaliyopewa aspirini yalipata madoa machache ya virusi vya batobato, na mwaka 1990 ikathibitika kwamba tumbaku iliyoambukizwa hupandisha yenyewe kiwango chake cha asidi ya salisiliki.

Sasa atemisinini inaingiaje? Mmea hauitengenezi kwa ajili ya wagonjwa wetu wa malaria. Ni sumu inayohifadhiwa kwenye vinywele tezi vilivyo juu ya jani, nje kabisa ya tishu za kawaida, kwa sababu ikimwagika ndani inaweza kuudhuru mmea wenyewe. Kitu chochote kinachoufanya mmea uamini kwamba umeshambuliwa huitwa kichochezi: kipande cha ukuta wa kuvu, sukari za ganda la kamba, kidonda cha mdudu, hata chumvi. Kichochezi huamsha homoni, hasa jasmoneti kwa wadudu wanaotafuna na salisiliki kwa vimelea vinavyoishi ndani ya seli hai, na homoni huamsha jeni za vimeng'enya vinavyotengeneza sumu hiyo. Kwa hiyo swali la jirani yako si kama aspirini inaweza kuamsha kitu, bali kama ilikiamsha shambani kwake kwa kiasi cha kuleta tofauti ya 0.4.

#4 Mfamasia_Mstaafu
Ninaongezea kwenye #3. Utafiti uliochapishwa China mwaka 2009 kuhusu asidi ya salisiliki kwenye atemisia ulieleza njia mbili. Ya kwanza ni hiyo ya kuamsha jeni. Ya pili ni ya haraka zaidi: asidi hiyo husababisha mlipuko wa oksijeni kali ndani ya jani, na oksijeni hiyo hugeuza malighafi iliyokwisha kuwapo, yaani asidi ya dihidroatemisiniki, kuwa atemisinini. Tofauti hii ina maana kubwa kwa mkulima. Njia ya kwanza inaongeza akiba, ya pili inabadilisha tu akiba iliyopo kuwa kitu ambacho maabara inakihesabu. Mtu akipulizia siku chache kabla ya kuvuna, mimi nadhani anavuna zaidi hiyo ya pili.

#5 Bwana_Shamba_Msitaafu_Pia
Kabla hatujaingia kwenye jeni, mleta mada atueleze kila mmoja wao alianika vipi. Nimeona mashamba mengi ambayo tofauti yote ilitoka kwenye turubai, na dawa haikuhusika.

#6 Mteremko_wa_Meru
Nashukuru kwa majibu. Mimi nilianika bandani, kwenye vichanja vya kivuli, kwa sababu niliambiwa jua linaunguza dawa. Jirani alikata mashina, akayaacha yamelala shambani kwa siku kadhaa, kisha akayapura juu ya turubai na kuchekecha.

#7 Bwana_Shamba_Msitaafu_Pia
Basi mmoja wa washukiwa amepatikana. Hatua ya mwisho ya kutengeneza atemisinini haihitaji kimeng'enya, inahitaji mwanga na oksijeni. Ile malighafi aliyoitaja Mfamasia huendelea kugeuka hata baada ya shina kukatwa, mradi jani linakauka polepole penye mwanga. Ukikausha haraka kwa moto mkali, au gizani, malighafi nyingi hubaki kama ilivyo na maabara haiihesabu. Jirani yako amefanya kwa jua bila gharama kile ambacho wengine wanajaribu kukifanya kwa kemikali.

#8 Msafi_wa_Takwimu
Naomba kupinga kidogo #7. Kuanika juani kuna ukomo, kwa sababu jua likizidi na siku zikizidi, atemisinini nayo huanza kupungua, na umande wa usiku hurudisha unyevu unaoleta ukungu. Aidha, banda la kivuli si giza. Hatuwezi kusema kuanika pekee kumetoa 0.4 bila kujua banda la mleta mada lilikuwa na mwanga kiasi gani.

#9 Mbegu_Kwanza
Wote mmeruka mbegu. Mleta mada anasema "shehena moja" kana kwamba hilo linamaliza hoja. Atemisia huchavushwa kwa upepo na haijichavushi vizuri yenyewe, kwa hiyo mmea mmoja na mwenzake wa mstari huohuo wanaweza kutofautiana sana. Gramu moja ina mbegu zaidi ya 10,000, na anayesia kitaluni anang'oa miche iliyokuwa mikubwa, si iliyo na dawa nyingi. Kundi la Chuo Kikuu cha York, Uingereza, lilichapisha mwaka 2010 ramani ya jeni za mmea huu kwa sababu hiyohiyo, ili wazalishaji wa mbegu waweze kuchagua wazazi.

Kuna jambo jingine la huku kwetu. Huu ni mmea wa siku fupi, nasi tuko karibu na ikweta, ambako mchana hauzidi saa 12 na ushee mwaka mzima. Aina isiyochaguliwa kwa mazingira haya huwahi kuchanua ikiwa bado fupi, na baada ya kuchanua kiwango hushuka. Mleta mada, siku ya kuvuna mimea yako ilikuwa na vitumba au maua?

#10 Mteremko_wa_Meru
Ilikuwa na vitumba vingi, na michache ilikuwa imefungua maua. Kwa jirani sikuangalia kwa makini.

#11 Mama_Pareto
Nacheka kwa sababu hadithi hii tunaijua Mufindi. Pareto nayo inathaminiwa kwa asilimia ya sumu iliyomo kwenye ua, na mtu akipata kiwango kikubwa, kijiji kizima kinaanza kutafuta alichopulizia. Ukifuatilia unakuta amechuma ua likiwa limefungua mistari michache ya vijiua vya katikati, wakati wenzake walichuma mapema mno au waliliacha likazeeka, na ameanika mara moja badala ya kulilundika likavunda. Sisemi kwamba homoni ni uongo. Ninasema mchumaji anaweza kuua kiwango kwa mikono yake haraka kuliko homoni yoyote inavyoweza kukiinua.

#12 Kisiwani_Unguja
Assalaam alaykum. Wataalamu wametaja ganda la kamba lakini wameusahau mwani. Aligarh, India, watafiti wamekuwa wakichukua sukari ndefu za mwani, yaani alijineti na karajini, wakizivunja kwa mionzi ya gama ili ziwe vipande vifupi, kisha wakizipulizia kwenye majani. Atemisia ilipopewa alijineti iliyovunjwa iliongeza ukuaji na atemisinini kwa pamoja, jambo ambalo vichochezi vingi haviwezi. Sisi Unguja na Pemba tunauza mwani mkavu kwa bei ya kusikitisha, na mwani aina ya kotoni, ambao ndio wenye bei, unatufia kwa joto la maji. Kama kuna soko la vichochezi, malighafi tunayo.

#13 Tulizo
Nilikuwa nimeanza kusaga maganda ya kaa ya jana usiku ili niyapulizie mlonge wangu. Nisimame au niendelee?

#14 Fiziolojia
@Tulizo, simama. Ganda lililosagwa ni kitini pamoja na chokaa na protini, na haliyeyuki majini. Ili ipatikane kitosani, yaani ile sukari ya ganda inayotumika kama kichochezi, chokaa huondolewa kwa asidi, kisha kitini huchemshwa kwenye soda kaustiki kali, na kinachobaki ndicho kinachoyeyuka kwenye asidi hafifu kama siki. Kazi hiyo haifai jikoni. Unga wako ukiuweka udongoni utaliwa na vijidudu polepole na hautafanya ubaya, lakini majani hayatausikia.

@Kisiwani_Unguja, hoja yako ni nzuri, ila urefu wa vipande ndio wenye neno. Sukari ndefu ya mwani wa kawaida mmea hauitambui vizuri; vipande vya urefu fulani ndivyo vinavyoshikwa na vipokezi vya utando wa seli. Uji wa mwani uliochemshwa nyumbani hauna uhakika huo.

#15 Mkaazi_wa_Mombasa
Mimi nina swali la pembeni. Nimesoma kwamba hiyo methili jasmoneti ilitenganishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1962 kutoka kwenye mafuta ya yasmini. Yasmini tunayo uani, na jioni harufu yake inafika barabarani. Je, nikipanda ua wa yasmini kuzunguka shamba la atemisia, hewa peke yake itatosha?

#16 Fiziolojia
Swali lako si la mzaha kama linavyoonekana. Mwaka 1990 Farmer na Ryan wa Marekani walifungia matawi ya Artemisia tridentata, ndugu wa atemisia yetu anayeota kwenye majangwa ya huko, pamoja na miche ya nyanya kwenye chombo kimoja. Nyanya zikatengeneza protini za kuwazuia wadudu kwa sababu ya methili jasmoneti iliyokuwa hewani tu. Lakini hicho kilikuwa chombo kilichofungwa. Shambani upepo unaichukua, na yasmini nayo hutoa mchanganyiko wa manukato ambamo hiyo ni sehemu ndogo. Panda yasmini kwa ajili ya harufu.

#17 Chupa_na_Seli
Ninafanya kazi ya ukuzaji wa seli za mimea, na ningependa kueleza kwa nini mambo haya yana historia nzuri kwenye matangi na historia yenye utata shambani. Mfano unaotajwa sana ni paklitakseli, dawa ya saratani iliyoanzia kwenye gamba la mti wa Taxus. Mti huo hukua polepole na kuuchubua ni kuuua, kwa hiyo watu walihamia kwenye seli zilizokuzwa kwenye kimiminika. Mwaka 1996 watafiti wa Japani waliongeza methili jasmoneti kwa kiwango cha maikromola 100 kwenye seli za Taxus, na mavuno yakafikia takriban miligramu 110 kwa lita katika wiki mbili. Ukipiga hesabu, maikromola 100 ni kama miligramu 22 tu za jasmoneti kwa lita ya maji.

Angalieni mazingira yake. Ndani ya tangi hakuna mvua inayosafisha, hakuna nta ya jani ya kuzuia, kila seli inapata kipimo kilekile, na muhimu kuliko yote, seli zinaachwa zikue kwanza hadi zijae, ndipo kichochezi kinatiwa. Homoni hizi zina gharama. Jasmoneti ikiamka, jiberelini inayorefusha mmea inazuiwa, kwa sababu protini zinazozifunga homoni hizo mbili hushikana na kunyang'anyana. Mmea unaojikinga haukui, na unaokua sana haujikingi. Kwenye tangi tunatenganisha nyakati hizo mbili, lakini shambani mkulima anaweza kupulizia mapema mno, akapata jani lenye dawa nyingi kwenye mmea mdogo.

Na si kila dawa inakubali tangi. Vinka ya waridi yenye asili ya Madagaska, ambayo wengi wenu mnayo mbele ya nyumba bila kujua kwamba inatoa vinblastini na vinkristini za kutibu saratani, huitikia jasmoneti vizuri sana. Swichi yake ya jeni, ORCA3, ilielezwa mwaka 2000. Hata hivyo seli zake za tangini hazitoi dawa hizo mbili kwa kiasi cha maana, kwa kuwa nusu ya molekuli inahitaji seli maalumu za jani lililokamilika. Atemisia ina tatizo la aina hiyohiyo. Bila vinywele tezi hakuna mahali pa kuiweka.

#18 Mfamasia_Mstaafu
#17 amesema vizuri, na ndiyo maana baadhi ya tafiti za jasmoneti kwenye atemisia huhesabu vinywele tezi kwa darubini. Jasmoneti ikitumika mapema, majani mapya yanayochipuka huota na vinywele vingi zaidi, lakini majani yaliyokwisha kukomaa hayaongezi. Kwa hiyo wakati wa kupulizia hubadilisha hata aina ya faida unayoipata.

#19 Athi_Mashariki
Tukumbushane na upande wa fedha. Katikati ya miaka ya 2000, dunia ilipohamia kwenye dawa mseto, kilo ya atemisinini ilipita dola 1,000, watu wakalima Kenya, Uganda na Tanzania, kisha ikaporomoka hadi karibu dola 200 ndani ya miaka michache. Mwaka 2013 ikachapishwa habari ya hamira iliyobadilishwa jeni inayotoa gramu 25 za asidi ya atemisiniki, malighafi ya atemisinini, kwa lita, na kampuni ya dawa ya Sanofi ikaanza kuitumia kiwandani Garessio, Italia, ingawa baadaye kiwanda kiliuzwa kwa sababu zao la shambani lilikuwa bado rahisi. Kila senti ya kichochezi ipimwe dhidi ya soko la namna hiyo. Aspirini ni rahisi, sikatai. Methili jasmoneti safi siyo.

#20 Muuguzi_wa_Zamu
Kwa wasomaji wanaopita: majani yenye asilimia kubwa yasiwe sababu ya mtu kujitibu kwa chai. Shirika la Afya Duniani halipendekezi majani ya atemisia kwa malaria, kwa sababu dozi haijulikani, dawa hii haiyeyuki vizuri kwenye maji, na vimelea vinavyoonja dozi ndogo bila dawa ya pili ndivyo vinavyojifunza usugu. Nendeni mkapimwe.

#21 Msafi_wa_Takwimu
Turudi kwenye aspirini. Jirani aliweka vidonge vingapi kwenye bomba?

#22 Mteremko_wa_Meru
Nimemuuliza leo asubuhi. Vidonge viwili vya miligramu 300 kwa bomba la mgongoni la lita 16.

#23 Msafi_wa_Takwimu
Hiyo ni miligramu 600 kwa lita 16, yaani miligramu 37.5 kwa lita, sawa na takriban milimola 0.2. Tafiti nyingi za kupulizia majani hutumia kati ya nusu milimola na milimola 1. Kwa kipimo hicho angehitaji kidonge kimoja kwa kila lita mbili hivi, yaani vidonge vinane kwa bomba. Kidonge kizima kwa lita moja kinapita milimola 1.6, na hapo majani yanaweza kuungua kingo. Kwa maoni yangu alipulizia maji yenye harufu ya matumaini.

#24 Fiziolojia
Kipimo kidogo si sawa na sifuri, kwa sababu homoni hufanya kazi kwa viwango vidogo, na mmea wenye msongo mwingine unaweza kuitikia mapema. Ila nakubali kwamba kwa 0.2 mzigo wa kuthibitisha umezidi kuwa mzito.

#25 Ng'ambo_ya_Mfereji
Wakuu, mimi ndiye jirani anayejadiliwa. Nimesoma uzi wote. Kwanza, mimea yangu niliikata ikiwa na vitumba, maua hayakuwapo. Pili, kuna jambo ambalo sikumwambia mwenzangu kwa sababu sikuliona kuwa na maana. Zamu yangu ya mfereji iliruka, maji yakawa yanaishia juu, na mimea yangu ilikaa na kiu majuma ya mwisho. Majani ya chini yalipauka na kudondoka yenyewe. Nilichovuna kilikuwa cha juu tu. Aspirini niliiweka nikihofia kuvu kutokana na udhaifu wa mimea.

#26 Mbegu_Kwanza
Nyongeza hiyo imeleta washukiwa wawili kwa mkupuo. Majani ya juu ya atemisia huwa na atemisinini nyingi kuliko ya chini, kwa hiyo yaliyodondoka yalikuwa yanashusha wastani, na kuondoka kwake peke yake kunapandisha asilimia bila mmea kutengeneza chochote kipya. Na vitumba badala ya maua ni swali nililouliza tangu #9.

#27 Chupa_na_Seli
Kiu nayo ni kichochezi kamili. Ukame hupandisha asidi ya absisiki, na homoni hiyo ikipuliziwa peke yake kwenye atemisia imeonekana kuongeza atemisinini. Kwa hiyo Ng'ambo_ya_Mfereji huenda alipata kichochezi, ila kilitoka kwenye ratiba ya maji badala ya bomba.

#28 Athi_Mashariki
Ndugu jirani, ulipata magunia mangapi ukilinganisha na mwenzako?

#29 Ng'ambo_ya_Mfereji
Pungufu, karibu sitini kwa mia ya yake, kwa eneo linalolingana.

#30 Athi_Mashariki
Basi hesabu ni hii. Kilo 1,000 za majani kwa asilimia 0.7 zina kilo 7 za atemisinini. Kilo 600 kwa asilimia 1.1 zina kilo 6.6. Mleta mada ndiye aliyempelekea mnunuzi dawa nyingi zaidi, na bado ndiye anayemwonea mwenzake wivu.

#31 Mteremko_wa_Meru
Lakini bei ya kilo kwangu ilikuwa ya daraja la chini, na usafiri na vibarua nililipa kwa magunia yote. Mfukoni yeye alibaki na zaidi. Mkataba unathamini asilimia, na asilimia ndiyo ninayoitafuta.

#32 Msafi_wa_Takwimu
Basi msimu ujao gaweni mistari. Mistari michache ipuliziwe aspirini kwa kipimo cha #23, michache ipuliziwe maji matupu, yote ipate maji ya mfereji sawa, ikatwe siku moja ikiwa na vitumba, ianikwe kwenye turubai moja, na sampuli ichotwe baada ya kuchekecha vijiti, kwa sababu vijiti havina atemisinini ya maana na vinashusha kipimo. Kisha mistari mingine inyimwe maji bila aspirini.

#33 Ng'ambo_ya_Mfereji
Ya aspirini na maji matupu nitakubali. Ya kunyima maji nitaifanya kwa mistari ya ukingoni tu, kwa sababu nikiiruka zamu ya mfereji kwa hiari, kamati ya maji itampa mtu mwingine na sitarudishiwa.

#34 Bwana_Shamba_Msitaafu_Pia
Mistari ya ukingoni hupata jua na upepo zaidi kuliko ya katikati, kwa hiyo utakuwa umechanganya tena mambo mawili. Chagua ya katikati hata kama ni michache.

#35 Ng'ambo_ya_Mfereji
Ya katikati ndiyo inayonilipia ada za shule, mzee wangu. Ukingoni.